Vichwa vya Kulungu: Wawindaji wa Michigan na Ufuatiliaji wa Kifua Kikuu cha Ng'ombe

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimetokea katika kaunti nne za kaskazini mashariki mwa Rasi ya Chini, yaani sehemu ya kusini ya jimbo la Michigan nchini Marekani, yaani Alpena, Alcona, Montmorency na Oscoda. Kwa muda wa miongo mitatu, wawindaji wa huko wamekuwa wakipeleka vichwa vya kulungu (hapa ni wale wa Marekani wenye mkia mweupe, si kulungu wa Afrika) waliowaua kwenye vituo vya serikali ili vichunguzwe kama vina kifua kikuu cha ng'ombe. Majina ya wawindaji, wafugaji, mashamba na vilabu vya uwindaji yameachwa nje ya maelezo haya. Majina ya kaunti yamebaki, kwa kuwa mambo mengi yaliyotokea hayaeleweki bila kujua mahali penyewe. Kimeandikwa kwa ajili ya maofisa wa mifugo na wanyamapori, pamoja na yeyote anayefikiria kuwashirikisha wananchi katika kufuatilia ugonjwa unaovuka kutoka porini kwenda zizini.

Usuli

Kifua kikuu cha ng'ombe husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis. Ng'ombe ndiye mwenyeji wake wa kawaida, lakini bakteria huyo huweza kuingia kwa mbuzi, nguruwe, nyati, kulungu na hata binadamu, hasa anayekunywa maziwa yasiyochemshwa. Ugonjwa huenda polepole. Mnyama anaweza kukaa nao kwa miezi au miaka akiwa mnene na mwenye manyoya mazuri, huku vinundu vikikua kwenye tezi za shingo na kifuani. Michigan ilipambana nao kwa miongo mingi kwa kupima ng'ombe na kuwachinja waliokutwa nao, na mwaka 1979 jimbo lilitambuliwa rasmi kuwa halina ugonjwa huo kwa mifugo.

Hata hivyo, miaka minne kabla ya hapo kulikuwa na dalili ambayo haikufuatiliwa. Mwaka 1975 kulungu jike wa miaka 9 aliyewindwa katika kaunti ya Alcona alikutwa na kifua kikuu cha ng'ombe. Tukio hilo lilionekana la nadra. Fikra iliyotawala wakati huo ni kwamba kulungu wa porini hawawezi kuudumisha ugonjwa huo wenyewe kwa wenyewe, hivyo ikadhaniwa kuwa mnyama huyo aliupata kwa ng'ombe na kwamba mambo yangeishia hapo.

Ili kuelewa kwa nini hayakuishia hapo, ni lazima kuitazama ardhi yenyewe na watu wake. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni misitu ya udongo mchanga usiozaa sana, na kwa miaka mingi maeneo makubwa yamemilikiwa na vilabu binafsi vya uwindaji. Wanachama walitaka kulungu wengi, na majira ya baridi ya huko ni makali. Kwa hiyo waliwalisha. Malori yalimwaga karoti, mahindi, tufaha na bitiruti za sukari msituni, na wanyama wakakusanyika kwenye malundo hayo pua kwa pua. Idadi ya kulungu ikapanda hadi kiwango ambacho msitu peke yake usingeweza kukibeba. Zaidi ya ulishaji wa majira ya baridi, kulikuwa na chambo: chakula kinachowekwa mbele ya mwindaji wakati wa msimu ili mnyama asogee karibu. Kisheria na kimaadili watu waliyaona haya kuwa mambo mawili tofauti. Kwa bakteria yalikuwa jambo moja, kwa sababu kote mnyama mgonjwa huacha mate yake kwenye chakula ambacho mwenzake atakuja kukila.

Mlolongo wa matukio

Mnamo Novemba 1994, wakati wa msimu wa bunduki, mwindaji mmoja katika kaunti ya Alpena alimuua kulungu dume wa miaka minne na nusu. Mzoga ulikuwa na vinundu vya aina ambayo mtu aliyezoea kupasua wanyama huijua kuwa si ya kawaida. Sampuli zikafika maabara, vimelea vikaoteshwa, na jibu likawa Mycobacterium bovis. Wakati huu wataalamu hawakuridhika kuliita tukio la nadra.

Msimu uliofuata, kuanzia tarehe 15 Novemba 1995 hadi tarehe 5 Januari 1996, vilichunguzwa vichwa au mapafu ya kulungu 354 walioletwa na wawindaji wa eneo hilo. Wanyama 15 walikuwa na vinundu vilivyotiliwa shaka, na katika 12 bakteria yuleyule alithibitishwa. Upimaji wa mifugo uliofanywa mwanzoni haukukuta ng'ombe mgonjwa. Hapo ndipo fikra ya zamani ilipoanguka: kulungu walikuwa wakiambukizana wenyewe, na kwa idadi ya kutosha kuufanya ugonjwa udumu. Maelezo ambayo wataalamu wengi wameyakubali tangu wakati huo ni kwamba bakteria aliingia kwa kulungu miongo kadhaa nyuma, wakati mifugo ya Michigan ilipokuwa bado na maambukizi mengi, kisha msongamano na malundo ya chakula vikamhifadhi baada ya mifugo kusafishwa.

Mwaka 1998 kundi la kwanza la ng'ombe wenye maambukizi likagunduliwa katika eneo hilo. Mwaka huohuo serikali ya jimbo ikapiga marufuku kulisha kulungu na kutumia chambo katika kaunti zilizoathirika. Mwaka 2000 Michigan ikapoteza hadhi yake ya kutokuwa na kifua kikuu cha ng'ombe, hasara iliyowagusa hata wafugaji walio mamia ya kilomita kutoka Alpena, kwa kuwa ng'ombe wao hawakuweza tena kuvuka mipaka ya jimbo bila kupimwa.

Jinsi kichwa kinavyogeuka kuwa taarifa

Hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo naiona inafaa kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu nguvu ya mpango mzima imo ndani ya hatua zake ndogondogo.

Mwindaji akishamuua kulungu humpasua palepale msituni na kutoa matumbo ili nyama isiharibike. Katika kufanya hivyo mikono yake hupita ndani ya mbavu, na hapo ndipo ugonjwa ulioendelea huonekana: vinundu vya rangi ya manjano au kahawia isiyokolea, vingi vikiwa na ukubwa wa pojo au njegere, vimejipanga kwenye ukuta wa ndani wa kifua au juu ya mapafu. Wawindaji walifundishwa kuangalia hilo. Akiona vinundu vya aina hiyo hutakiwa kuacha alipofikia na kuwaita wataalamu, nao huuchukua mzoga mzima. Asipoviona, hukata kichwa na sehemu ya shingo, hukifunga kwenye mfuko na kukipeleka kituoni.

Kituoni mtumishi humuuliza mahali mnyama alipouawa, na jibu la "kaskazini mwa mji" halitoshi. Kinachotakiwa ni kaunti, tarafa na kipande cha ardhi kwenye ramani. Umri husomwa kwenye meno ya taya la chini. Kichwa hupewa lebo yenye namba, na mwindaji huondoka na nusu yake, ambayo baadaye huitumia kupata majibu ya mnyama wake. Kwa jadi ya Michigan, hupewa pia kiraka cha kitambaa cha msimu huo, ambacho wengi hukishona kwenye koti au kofia. Maabara hupasua tezi zilizo nyuma ya koo na pembeni mwa taya, kwa sababu kulungu mara nyingi huambukizwa kwa kula au kuvuta hewa yenye bakteria, na tezi hizo huathirika mapema. Zikiwa na usaha au chembechembe ngumu, sampuli huendelea kwenye uchunguzi wa hadubini na uoteshaji wa vimelea.

Katika mlolongo huo, mwindaji amefanya yale ambayo angeyafanya hata kama ugonjwa usingekuwapo. Amewinda, amepasua, amebeba nyama nyumbani. Kilichoongezwa ni safari ya kwenda kituoni na maswali machache. Ndiyo maana jimbo liliweza kuchunguza zaidi ya vichwa 200,000 katika miongo hiyo, kazi ambayo hakuna idara ya wanyamapori ingeweza kuifanya kwa watumishi wake peke yao.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuutegemea uwindaji wa kawaida badala ya kutuma wapiga risasi wa serikali kila mahali. Sababu yake ilikuwa ya kifedha na ya kisiasa pia: ardhi nyingi ni ya watu binafsi, na mwenye klabu humruhusu mwanachama wake kuingia kwa urahisi kuliko ofisa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuifanya kazi hii, kwa sehemu kubwa, kuwa ya hiari. Naunga mkono uamuzi huo. Mwindaji anayelazimishwa anaweza kuleta kichwa na kutaja mahali pasipo pa kweli, na taarifa yenye mahali pa uongo huharibu ramani kuliko kutokuwa na taarifa kabisa.

Uamuzi wa tatu ndio uliozaa ugomvi. Serikali iliamua kupunguza idadi ya kulungu, hasa majike, kwa kutoa vibali vingi zaidi vya kuwinda, na wakati huohuo ikapiga marufuku ulishaji na chambo. Kwa upande wa sayansi sababu zilikuwa nzito. Majaribio ya watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani yalionyesha kwamba Mycobacterium bovis huweza kuishi juu ya vyakula wanavyolishwa kulungu kwa angalau siku 7 katika halijoto zote zilizojaribiwa, na kwa muda mrefu zaidi kwenye baadhi ya vyakula. Jaribio jingine lilionyesha kwamba ndama walioletewa mabaki ya chakula cha kulungu wagonjwa waliambukizwa bila kuwahi kugusana nao. Baada ya matokeo hayo, kuruhusu lundo la karoti msituni kilomita moja kutoka zizi la ng'ombe kulikuwa kugumu kutetewa.

Uamuzi wa nne uliwahusu wafugaji. Ng'ombe katika kaunti hizo walipimwa kwa sindano ya tuberkulini, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu, kwenye mkunjo wa ngozi chini ya mkia, na jibu kusomwa baada ya saa 72. Mashamba yalisaidiwa kuzungushia uzio maghala ya nyasi kavu na saileji (majani yaliyochachushwa) ili kulungu wasile usiku chakula ambacho ng'ombe atapewa asubuhi.

Matokeo

Katika kiini cha eneo hilo, kiwango cha maambukizi kwa kulungu kilikuwa asilimia 4.9 mwaka 1995. Kilishuka katika miaka iliyofuata na kwa muda mrefu kimebaki karibu au chini ya asilimia 2. Ugonjwa haukuenea kwa nguvu ileile katika sehemu nyingine za jimbo, na kwa kuwa vichwa kutoka huko vilikuwa vimechunguzwa kwa wingi, Michigan iliweza kuthibitisha kwamba tatizo lilikuwa la eneo moja. Uthibitisho huo ulikuwa na faida ya moja kwa moja: jimbo liligawanywa katika kanda, na hatua kwa hatua karibu Michigan yote ikarudishiwa hadhi yake, huku kaunti nne zikibaki chini ya masharti. Mfugaji wa kusini aliyeweza tena kuuza ng'ombe wake nje ya jimbo alikuwa akinufaika na mifuko ya vichwa iliyobebwa na watu asiowajua.

Lakini ugonjwa haujatoweka. Tangu 1998 makundi zaidi ya 70 ya ng'ombe yamekutwa na maambukizi, mengine yakirudiwa baada ya kusafishwa. Uchambuzi wa vinasaba vya bakteria kutoka kwa ng'ombe na kulungu umeonyesha kwamba maambukizi mengi yametoka kwa kulungu kwenda kwa ng'ombe. Binadamu pia hawakusalimika kabisa. Mwaka 2004 mwindaji aliyejijeruhi kidole alipokuwa akimpasua kulungu aliambukizwa, na bakteria aliyekutwa kwake alifanana na yule wa kulungu wa eneo hilo.

Uchambuzi: kilichofaa

Mpango ulipandishwa juu ya desturi iliyokuwapo. Tarehe 15 Novemba, siku ya kufunguliwa kwa msimu wa bunduki, ni kama sikukuu katika sehemu nyingi za Michigan, na vituo viliwekwa pale ambapo watu wangepita wakirudi nyumbani. Jambo la pili, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko linavyosemwa, ni kurudisha majibu. Mwindaji hakuwa mtoa sampuli tu. Alikuwa baba au mama anayetaka kujua kama nyama iliyo kwenye friza ni salama kwa watoto. Namba ya lebo ilimrudishia jibu la mnyama wake mwenyewe. Pamoja na jibu alipata maelekezo ya maana: kuvaa glavu wakati wa kupasua, kutokula nyama ya mnyama aliyethibitishwa kuugua, na kupika nyama hadi ndani ifikie nyuzi joto 74 za selisiasi.

Mahali sahihi pa tukio palikuwa nguzo ya tatu. Bila vipande vya ardhi vilivyotajwa na wawindaji, asilimia 4.9 ingeyeyuka ndani ya wastani wa jimbo zima na kuonekana kama si kitu.

Uchambuzi: kilichokwama

Sampuli inayoletwa na wawindaji si picha kamili ya wanyama walio porini. Maambukizi ni mengi zaidi kwa kulungu wakubwa kiumri, na kwa madume kuliko majike. Wawindaji, kwa upande wao, huua madume wengi wachanga. Dume mzee mwenye pembe kubwa, ambaye wataalamu wangependa kumchunguza kuliko wote, ndiye ambaye mwindaji hataki kichwa chake kikatwe, kwa kuwa anataka kikaushwe na kutundikwa ukutani. Kuna vilabu vinavyoua wachache kwa makusudi. Kuna pia kasoro ya kipimo chenyewe: uchunguzi wa kina wa kulungu wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba utaratibu wa kutafuta vinundu kwenye vichwa ulikuwa ukiwanasa takriban asilimia 75 ya wanyama walioambukizwa. Robo walipita wakionekana wazima. Kipimo cha namna hiyo kinafaa kulinganisha mwaka na mwaka, lakini mtu akikitumia kutangaza kwamba eneo fulani ni safi atakuwa amekibebesha mzigo kisiouweza.

Mkwamo mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa wa kibinadamu. Watu waliokuwa wakitoa taarifa ndio walewale ambao taarifa hiyo iliwanyang'anya walichokithamini. Kila kichwa chenye ugonjwa kilikuwa hoja ya kupunguza kulungu zaidi na kuendeleza marufuku ya chambo. Idadi ya wanyama ilipopungua mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wawindaji walioketi msituni siku nzima bila kuona mnyama walijiuliza kwa haki kwa nini waendelee kusaidia. Wengi hawakutaka kuua majike tena. Wengine waliendelea kuweka chambo kwa siri. Walioulizwa walisema mara kwa mara kwamba wanabebeshwa mzigo kwa ajili ya faida ya wafugaji, ilhali baadhi ya wafugaji walikuwa wakiacha nyasi kavu wazi shambani.

Serikali nayo iliyumba. Marufuku ya chambo ilipanuliwa mwaka 2008 kwa Rasi ya Chini yote baada ya ugonjwa mwingine wa kulungu, wa kudhoofika kwa ubongo na mwili, kugunduliwa kwenye shamba la kufuga kulungu. Mwaka 2011 ikalegezwa nje ya eneo la kifua kikuu. Mwaka 2019 ikarejeshwa. Kila badiliko lilikuwa na maelezo yake, lakini kwa mtu wa kijijini picha ilikuwa ya amri isiyojua inachotaka, na amri ya namna hiyo hutiiwa nusunusu.

Naamini kosa la msingi lilikuwa la mpangilio. Wawindaji waliombwa kushiriki katika kukusanya taarifa kwa upole na heshima, kisha hatua za udhibiti zikaamuliwa mbali nao kwa sehemu kubwa. Laiti majadiliano kuhusu ukomo wa upunguzaji wa kulungu, muda wake, na kitakachobadilika kiwango kikishuka yangefanyika mapema na wawindaji na wafugaji katika chumba kimoja, maumivu yangebaki, lakini kila upande ungeona mwenzake naye anatoa kitu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki

Kifua kikuu cha ng'ombe kimethibitishwa kwa wanyamapori wa eneo la Serengeti, na maziwa mabichi bado hunywewa katika jamii nyingi za wafugaji, hivyo swali la nani atakayeona ugonjwa kwanza linatuhusu. Njia ya Michigan haiwezi kuletwa jinsi ilivyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na nchini Tanzania uwindaji halali hauna umati wa wawindaji wa kawaida wanaoingia porini wiki hiyohiyo ya Novemba. Anayepita porini kila siku hapa ni mchungaji, askari wa wanyamapori wa kijiji na mkaguzi wa nyama machinjioni. Wamaasai wa Ngorongoro wamewaondoa ng'ombe wao kwenye mbuga nyumbu wanapozaa tangu kabla ya maabara yoyote kueleza homa inayotoka kwa nyumbu hao, na ufuatiliaji huo haukuanzishwa na ofisi yoyote.

Kwa mchungaji, hata hivyo, taarifa ya ugonjwa ina bei ambayo mwindaji wa Alpena hakuitozwa. Mwindaji aliyeleta kichwa kibovu alipoteza nyama ya mnyama mmoja wa porini. Mchungaji anayeripoti nyati aliyekonda karibu na kisima anaweza kufungiwa mnada wa kijiji kizima, na ng'ombe wake mwenyewe kupimwa na kuchinjwa. Kabla ya kumkabidhi fomu au simu ya kuripotia, fidia ya ng'ombe huyo, kiasi chake na siku ya kulipwa, inapaswa kuwa imeshaandikwa na kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji.